Alexander Mackay, Fundi wa Ziwa Nyanza

Kaskazini ya kisiwa cha Uingereza iko nchi ya Uskochi, nchi ya milima na baridi. Huko, katika kijiji cha Rhynie, alizaliwa Alexander Mackay tarehe 13 Oktoba, mwaka wa 1849. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mtu mwenye elimu nyingi, naye hakumpeleka mtoto wake shule alipokuwa mdogo, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani. Hata walipokwenda matembezi somo liliendelea: baba alisimama njiani akachora mchangani kwa fimbo yake, mara nyingine mambo ya hesabu, mara nyingine mito ya Afrika.

Mtoto alipenda vitabu, lakini alipenda zaidi kuona jinsi vitu vinavyotengenezwa. Alishinda kwa mhunzi akitazama chuma kikifuliwa, na kwa msaga unga akitazama gurudumu la maji. Alikwenda kwa miguu maili kadhaa ili alione gari la moshi lililosimama dakika chache tu katika stesheni, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Akajifunza pia kupanga herufi za chapa. Baba alitumaini kwamba mwanawe atakuwa mchungaji kama yeye, lakini kijana alichagua kazi ya ufundi. Akasoma Edinburgh, na mwaka wa 1873 akaenda Berlin, mji mkuu wa Ujeremani, akafanya kazi ya kuchora mitambo katika kiwanda.

Mwaka wa 1875 msafiri Stanley alifika katika nchi ya Buganda, ng'ambo ya Ziwa Nyanza, lile ambalo Wazungu wamelipa jina la Victoria. Akaandika barua iliyochapwa katika gazeti la London, kwamba Mutesa, mfalme wa nchi ile, anataka walimu wa dini. Tena alisema kwamba mtu anayefaa si yule ajuaye kuhubiri tu, bali yule awezaye pia kujenga nyumba, kulima na kuponya wagonjwa. Chama cha Misioni kiitwacho C.M.S. kikaanza kutafuta watu. Usiku mmoja wa Desemba mwaka ule, Mackay alikaa chumbani mwake Berlin akaandika barua ya kujitoa. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Watu waliochaguliwa walikuwa wanane, na Mackay alikuwa mdogo kuliko wengi wao. Katika mkutano wa kuagana aliwaambia wakubwa wa Chama neno ambalo hawakulitazamia: kwamba kabla ya miezi sita kupita yamkini watasikia habari ya kufa kwa mmoja wao, na ya kuwa habari hiyo itakapofika wasilegee, bali wampeleke mtu mwingine mara moja. Walisafiri Aprili 1876. Mwezi wa Agosti mjenzi Robertson alikufa Unguja kwa homa.

Mackay mwenyewe hakufika ziwani upesi. Njiani alipatwa na homa kali, ikambidi kurudi pwani, na wenzake wakatangulia. Basi mwaka wa 1877 alipewa kazi ya kutengeneza njia toka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi, ili magari ya ng'ombe yapate kupita. Akakata msitu, akatia madaraja juu ya vijito, akatembea na watu wake katika matope na mvua. Magari yalikwama mara nyingi na ng'ombe wakafa, hata faida ya njia ile haikuwa kubwa kama walivyotumaini. Lakini watu wa nchi walijua tangu siku hizo kwamba Mzungu huyu hafanyi kazi kwa mdomo.

Ndipo ikaja habari mbaya kutoka ziwani. Daktari John Smith alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa huko Kagei, kijiji cha pwani ya ziwa, mashariki ya Mwanza. Na mwezi wa Desemba 1877, wakati Wakristo wa Ulaya walipokuwa wakijiweka tayari kwa Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Kisa chake kilikuwa hivi. Palikuwa na mfanyi biashara mmoja, jina lake Songoro, aliyejenga mashua kwa miti ya Ukerewe, na Wazungu wakainunua mashua ile. Lakini mfalme wa kisiwa, Lukonge, alikuwa akidai malipo ya miti yake. Ugomvi ukawaka. Songoro alikimbilia kwa Wazungu, nao hawakumtoa, wakafa pamoja naye. Katika wale wanane akabaki mmoja tu ng'ambo ya ziwa, naye ni mchungaji Wilson, peke yake kwa Mutesa.

Mackay alifika Kagei Juni 1878. Aliona nyumba ya mali ya Misioni imevurugika kabisa: vitabu, vyuma vya mtambo, dawa na nguo, vyote vimetupwa pamoja, na mchwa wamekwisha kuanza kazi yao. Mashua iliyoitwa Daisy, iliyochukuliwa na wapagazi vipande vipande kutoka pwani, ililala mchangani na mbao zake zimeharibika. Wazungu wengine wangalidai askari ili kulipiza kisasi juu ya Ukerewe. Mackay alikata shauri kwenda mwenyewe kwa Lukonge, bila silaha. Watu wa Kagei walimsihi asiende, maana walijua ya kuwa hatarudi.

Akaenda, akakaa kwa mfalme siku tisa. Lukonge alimweleza kwamba shabaha yake ilikuwa Songoro, wala hakukusudia kuwaua Wazungu. Kama maneno hayo yalikuwa kweli yote au nusu tu, Mackay hakuwa na njia ya kuyapima, wala hakuyafanya kuwa hoja. Alitaka amani ya njia ya ziwa, akaipata. Aliporudi Kagei watu walimpokea kama mtu aliyetoka kaburini. Katika mambo yote aliyoyafanya Afrika, yamkini hili ndilo lililohitaji moyo mkuu kuliko yote, nalo halikuhitaji chombo cha ufundi hata kimoja.

Kisha Wilson alikuja kumchukua, wakatweka tanga katika Daisy. Dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi, na mashua ikapasuka vibaya. Mackay akakata sehemu ya katikati iliyovunjika, akaunganisha mbele na nyuma, na mbao zilizopatikana katikati akazitia viraka mahali pengine. Kazi hiyo ilichukua majuma manane. Wenyeji waliwapa chakula na kuwatendea mema. Wakasafiri katika mashua iliyokuwa fupi kuliko kwanza, wakafika Buganda mwezi wa Novemba.

Habari za miaka yake tisa huko ni nyingi, zatosha kitabu kizima. Alifua chuma, alichimba kisima, alichonga herufi na kupiga chapa karatasi za kusomea katika lugha ya Kiganda, na vijana wa nyumba ya mfalme wakaja kusoma usiku na mchana. Mapadre Wakatoliki wa Kifaransa nao walifika mwaka wa 1879, na Mackay akabishana nao mbele ya Mutesa kwa ukali. Mabishano hayo hayakumsaidia mfalme kuifahamu Injili, wala hayakuwapa sifa walimu wa upande wo wote. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano wa kwanza wa Misioni ya C.M.S. walibatizwa. Mwisho wa mwaka wa 1884 walikuwa 88.

Mwaka ule ule Mutesa alikufa, na mwanawe Mwanga akatawala. Januari 1885 vijana watatu Wakristo walichomwa moto. Oktoba yake Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka wa 1886 Wakristo wengi, wa Misioni zote mbili, waliuawa. Katika hatari hizo Wakristo walikuwa wamekwisha kuchagua wazee wao wa kanisa, ili kwamba walimu Wazungu wakiondolewa au wakiuawa, kanisa lisife. Nao waliobaki walizidi kusoma kwa siri. Julai 1887 Mackay alilazimika kuondoka, akavuka ziwa kwenda kusini.

Akakaa Usambiro, katika kijiji cha Makolo, karibu na ncha ya kusini ya ziwa, upande wa magharibi wa Mwanza. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Yeye akaanza kufyatua matofali. Akajenga nyumba na karakana, akasimamisha mtambo wa chapa, akaendelea kutafsiri Injili katika Kiganda na kupeleka karatasi kwa siri kwa Wakristo ng'ambo. Machi 1888, katika muda wa majuma mawili, homa iliwaua wenzake wawili, Blackburn na Askofu Parker, akawazika hapo hapo.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule fitina kubwa ilitokea Buganda. Mwanga alikwisha kupinduliwa, na sasa Wakristo wakafukuzwa. Walimu wao, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, walitiwa katika mashua ya Misioni iitwayo Eleanor, na njiani kiboko akaitoboa. Watoto kadhaa wakafa maji. Waliosalia walifika kusini, Wakatoliki wakaenda kituo chao cha Bukumbi, karibu na Mwanza, na wengine kwa Mackay. Basi Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ya mwaka wa 1888 iliwakuta Wakristo wa Buganda wametawanyika, wengine katika nchi ya Ankole, wengine Usambiro miongoni mwa Wasukuma na Wazinza, ambao lugha yao hawakuijua. Haikuwa vigumu kwao kufahamu habari ya Mtoto aliyechukuliwa usiku kwenda Misri.

Mackay hakuwahesabu kuwa mzigo. Aliona kwamba kila mkimbizi aliyejua kusoma ni mwalimu. Katika siku hizo aliandika shauri lake juu ya kueneza Injili katika Afrika, nalo lilikuwa shauri la fundi. Huko kwao Uskochi lilikuwa likijengwa daraja kubwa la chuma juu ya mlango wa bahari wa Forth. Mafundi hawakuweza kuweka nguzo kila mahali, kwa maana maji yalikuwa na kina kirefu. Basi walichagua mahali pachache penye mwamba, wakasimamisha hapo minara yenye nguvu, na toka kila mnara wakanyosha mikono ya chuma pande mbili, mpaka mikono ikakutana katikati. Mackay alisema Misioni zifanye vivyo hivyo. Zisitawanye Wazungu wachache huku na huku, mmoja hapa na mmoja pale, wafe kwa homa. Zichague vituo vichache, zijenge shule zenye nguvu, zifundishe vijana wa Afrika, na hao ndio watakaofika mbali.

Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro, akitoka kumtafuta Emin Pasha, pamoja na mamia ya watu waliochoka. Walipumzika karibu majuma matatu. Stanley alistaajabu kumwona mtu mfupi mwenye ndevu, amevaa nguo safi nyeupe, bustani yake imepandwa vizuri, na katika karakana vyuma vya mashua ya moshi aliyokusudia kuisimamisha ziwani. Angeweza kufuatana na Stanley mpaka pwani, maana alikuwa na miaka kumi na mitatu bila kuona kwao. Hakwenda.

Wakubwa wa Chama walikuwa wamemwandikia aje kwao apumzike. Aliwajibu tarehe 2 Januari 1890, siku chache baada ya Sikukuu: huu si wakati wa mtu kuacha mahali pake. Na wampeleke kwanza watu ishirini. Hao wakifika, huenda akaja Ulaya kuwasaidia kutafuta ishirini wengine.

Mwanzo wa Februari homa ilimshika. Alikuwapo Mzungu mmoja tu pamoja naye, jina lake Deekes, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Siku ya nne au ya tano Mackay alifariki, mwenye umri wa miaka 40. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa akizikata kwa mashua yake. Siku ya Jumapili walimzika kando ya Askofu Parker, na vijana wa Misioni na Wakristo wa Buganda wakasimama kaburini wakaimba wimbo wa sifa kwa Kiganda. Mwezi uliofuata daraja la Forth lilifunguliwa.

Mwisho wa mwaka ule ule Askofu Tucker alipita Usambiro akayaona makaburi, kisha akavuka ziwa. Alifika Mengo tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Sikukuu, akakuta kundi kubwa la Wakristo wakimngoja, na wengi wao walikuwa wamefundishwa na Waganda wenzao. Mwezi wa Januari 1891 aliwathibitisha watu, akawaweka wainjilisti wa kwanza. Mmoja wao aliitwa Sembera Mackay. Alikuwa katika wale watano waliobatizwa 1882, naye alichagua jina la fundi liwe jina lake. Katika miaka ile ya 1890 walimu Waganda walivuka tena ziwa kwenda kusini, safari hii si kwa kufukuzwa, wakafundisha katika kituo cha Nasa, nchi ya Usukuma, ambacho mwaka wa 1909 kilikabidhiwa kwa Misioni ya Africa Inland.

Mwaka wa 1927 mifupa ya Mackay ilichukuliwa toka Usambiro, ikavushwa ziwa, ikazikwa katika kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu.