Robert Koch: Bingwa wa hadubini aliyepotoshwa na kipimo cha malale

MBUNG'O, wadudu wanaowahangaisha wafugaji wa Kwale, ndio waliomleta daktari Mjerumani Robert Koch katika Ziwa Victoria mwaka wa 1906.

Koch alizaliwa mjini Clausthal mwaka wa 1843. Alivuma 1882 alipotangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1905.

Katika visiwa vya Sese, Uganda, malale yalikuwa yameangamiza maelfu ya watu. Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, kisha akachunguza kwa hadubini majimaji ya tezi zao. Vimelea vilitoweka, naye akaamini kwamba dawa imefaulu.

Kumbe vilikuwa vimejificha tu. Ugonjwa uliporudi aliongeza kipimo cha dawa, na wagonjwa 22 wakapofuka.

Bingwa huyo, pamoja na umakini wake wote, hakuwa na hesabu moja: kati ya wagonjwa 100, uchunguzi hunasa wangapi, na kati ya wazima 100, huwaondolea shaka wangapi? Mtakwimu Jacob Yerushalmy wa Marekani ndiye aliyevipa viwango hivyo majina mwaka wa 1947, miaka 37 baada ya Koch kufariki Baden-Baden.

Mfugaji wa Taru akiambiwa leo kwamba damu ya ng'ombe wake haina vimelea vya nagana, huenda hadubini imevikosa kwa uchache wake. Ndiyo maana wapimaji huizungusha damu kwa kasi ndani ya kijirija chembamba cha kioo, vimelea vikusanyike mahali pamoja kabla ya kutazamwa.