Joginder Singh: Fundi wa Kericho na Mbio za Safari

Sisi watu wa pwani tulimjua Kalasinga kabla bara haijamjua. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mafundi wa Kipunjabi waliteremka bandarini kwetu na vilemba vyao na vyombo vyao vya kazi, na tangu siku hizo, penye mtambo ulioharibika, watu huuliza Kalasinga yuko wapi. Reli ikapanda, ikafika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Mafundi nao wakapanda nayo, na wengine waliowafuata wakatawanyika katika miji ya Bonde la Ufa, huku mwenye mbao na misumari, kule mwenye spana na mafuta.

Katika watu wa namna hiyo ndimo alimozaliwa Joginder Singh Bhachu, tarehe 9 Februari 1932, mjini Kericho, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nakuru kwa njia ya Molo. Baba yake alitoka Punjabi katika miaka ya 1920, akawa fundi wa magari. Kijana alipelekwa Nairobi kusoma, lakini chuo chake hasa kilikuwa ni uvunguni mwa gari. Alianza kwa kushika spana kwenye gereji, na mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, awe mtu wa kwanza wa chama hicho kuzunguka barabarani kuwasaidia walioharibikiwa. Kazi hiyo naitilia maanani kuliko wengi walioandika habari zake. Kabla ya kuwa mshindi, huyu alikuwa mtu wa kuitwa wakati gari limekwisha kufa. Alijua ni chuma kipi hutangulia kukatika, na kwenye shimo la namna gani.

Wakati huo mbio za Safari zilikuwa na umri wa miaka mitano. Zilianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ulikuwa mchezo wa masetla, na tusifichane. Mwaka 1954 na 1955 Vic Preston aliposhinda, msoma ramani wake alikuwa Mhindi, D. P. Marwaha, lakini usukani wa ushindi ulibaki mkononi mwa Wazungu mpaka mwaka 1964. Mhindi alitakiwa atengeneze gari, si alishindanie.

Basi tuje kwenye Pasaka ya mwaka 1965, miezi minne tu tangu Kenya iwe jamhuri. Joginder aliingia na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, gari lenye mgongo wa mviringo kama kasa. Wala halikuwa jipya. Kiwanda cha Volvo kilikuwa kimelitumia katika Safari ya 1964, mambo yakakiendea vibaya, gari likaachwa huku huku, Joginder akalinunua. Ndugu wawili wakalifungua, wakalifunga upya kwa mikono yao, wakaondoka nalo Nairobi. Waliporudi walikuwa wamemtangulia wa pili kwa zaidi ya saa nzima. Hakuwahi kushinda Safari dereva asiye Mzungu kabla ya siku ile. Watu wakampa jina la Simba wa Kenya.

Vijana wa leo, waliozoea kuona barabara zimefungwa na helikopta inanguruma juu, ni lazima waelezwe Safari ya zamani ilivyokuwa. Njia ilifika kiasi cha kilomita 5,000, na barabara ilikuwa wazi. Malori ya chai, ng'ombe, basi za abiria, wote walikuwamo humo humo. Tena ilikuwa wakati wa masika. Atokaye Nairobi huteremka ukingo wa Bonde mpaka Naivasha, ambako vumbi la majivu ya volkano huingia hadi kwenye meno. Hupita Gilgil na Nakuru, kisha hupanda Mau. Hapo vumbi hugeuka matope. Ule udongo mweusi ukilowa, gurudumu huzunguka papo hapo kama pia, na dereva mwenye pupa ndiye anayezama zaidi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Joginder alikuwamo katika saba wa mara ya kwanza, na akawamo katika saba wa mara ya pili.

Nilikaa Nakuru miaka kadhaa kwa kazi ya gazeti, na katika gereji za mji ule nimesikia ubishi mwingi juu ya siri ya mtu huyu. Wengine husema ni macho, wengine husema ni bahati. Fundi mmoja mzee hakusema kitu, alininyanyulia mguu wake wa kulia tu, taratibu, kama mtu aondoaye kanyagio la moto. Nikafahamu. Kwetu pwani nahodha hasifiwi kwa kutweka tanga, kila mtu aweza kutweka. Husifiwa kwa kulitua kabla dhoruba haijampasulia.

Jambo hilo huonekana waziwazi katika mchezo mmoja wa wenzetu wa Ulaya. Mwaka 1957 Mwingereza Fred Francis alitoa vijigari vya umeme viitwavyo Scalextric. Kijigari kina kijiti chini, kijiti huingia katika mfereji mwembamba wa njia, na kandokando ya mfereji mna vibamba vya chuma vinavyopitisha umeme. Mchezaji hana usukani. Ana kibonyezo kimoja tu: ukibonyeza sana, kijigari hufika kwenye kona kikaruka nje, ukawa mchezo umekwisha. Watu wazima wenye ndevu hukesha juu ya mchezo huo mpaka leo, nami siwashangai, maana utamu wote uko katika kujua pa kuachia. Watoto wetu hawakuwa na umeme wa kuchezea. Sisi tuliotoka chuoni jioni tukiwa na wino vidoleni tulikunja gari la waya, tukalitia magurudumu ya kandambili zilizokatika na usukani mrefu wa kufikia kifuani, na mwenye kushinda ndiye aliyekuwa Joginder mpaka magharibi. Niliyakuta hayo hayo kwa watoto wa Nakuru.

Najua wako wanaosema huu ni upuuzi na kupoteza mali. Mali kweli hupotea, na barabara ile ya wazi ilikuwa na hatari kwa wapita njia, hilo silipingi. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi pale Madina, na asili ya mashindano si haramu. Kamari ni mlango mwingine.

Baada ya 1965 Joginder alikaa miaka tisa bila ya ushindi. Alikuwa wa pili mwaka 1969, akawa wa pili tena 1970. Wengi walimhesabu kuwa amekwisha. Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 42, alikuja na Mitsubishi Lancer, gari dogo la Kijapani ambalo wakubwa wa mbio hawakulitia hesabuni, na msoma ramani wake David Doig. Nyuma yake akamwacha Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, na Lancer wenzake wakashika nafasi ya pili na ya tatu. Hakukuwa na mwingine aliyefikisha tatu kabla yake. Rekodi hiyo ilikaa mpaka ilipopitwa mwaka 1981 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari ilikuwa imetolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia tangu baada ya mwaka 2002, na iliporudishwa mwaka 2021, makao yake yakawa Naivasha, na mbio zikakimbiwa katika vumbi la Kedong na Elementaita, barabara zikiwa zimefungwa. Hakuyaona hayo. Kati ya Safari 22 alizoingia, 19 alizimaliza.