Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyeligeuza gari la familia kuwa simba wa Safari

WENGI wanaokumbuka enzi za kutamba kwa Safari Rally humkumbuka marehemu Joginder Singh kwa ushindi wake mara tatu, na kwa kilemba chake nyuma ya kioo cha gari lililotapakaa matope. Wachache hukumbuka kwamba magari aliyoshinda nayo yalikuwa ya namna ile ile ambayo mwalimu, karani au mwenye duka angeweza kununua ili kuwapeleka watoto wake shuleni.

Hapo ndipo ulipo uzito wa maisha ya dereva huyo. Viwanda vya Sweden na Japani viliunda magari ya familia. Mwana wa fundi kutoka Kericho akawa miongoni mwa watu walioionyesha dunia kuwa magari hayo yangeweza kuyashinda yale yaliyozaliwa kwa ajili ya mbio.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, kwenye nyanda za juu zenye mashamba ya chai, takriban kilomita 80 kutoka Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria. Katika enzi hizo za ukoloni, Kericho ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Nyanza, ambao makao yake makuu yalikuwa Kisumu.

Eneo hilo lilikuwa limekwisha kupokea wageni wengi kutoka Bara Hindi. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Vibarua na mafundi wengi walioijenga walitoka Punjab. Baada ya kazi kwisha wengi wao walirejea kwao, baadhi wakabaki, na wengine wakawafuata katika miaka iliyofuata.

Miongoni mwa waliofika walikuwa Masingasinga, ambao wenyeji waliwaita Makalasinga. Walisifika kwa kazi za mikono: useremala, uashi, uhunzi na, magari yalipoanza kuenea, umekanika. Battan Singh, baba yake Joginder, alikuwa wa jamii hiyo, na Joginder alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi.

Baada ya masomo jijini Nairobi, kijana huyo alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake. Huko ndiko alikopata elimu iliyomfaa kuliko nyingine yoyote maishani. Aliyezoea kufungua injini na kuifunga tena hutambua kwa kusikia tu kwamba kuna kitu kinakaribia kukatika.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mhudumu wake wa kwanza wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika njiani. Kwa mtu ambaye angekuja kuwa bingwa wa mbio ndefu, kazi hiyo ilikuwa sawa na chuo, kwa kuwa kila siku alijionea gari la kawaida linavyoshindwa, na kwa sababu gani.

Mashindano yenyewe yalikuwa bado machanga. Yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1974 yakajulikana kama Safari Rally.

Yalikuwa mashindano ya pekee duniani. Madereva walipita katika barabara zile zile zilizotumiwa na mabasi, malori, ng'ombe na waendao sokoni kwa miguu. Mwendo ulikuwa wa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kutoka vumbi la nyika hadi matope ya milimani. Kwa kuwa yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, mara nyingi mvua iliamua nani afike na nani abaki njiani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Waanzilishi wa Safari walikusudia iwe kipimo cha magari ambayo watu wa kawaida waliyanunua. Katika miaka ya mwanzo, magari yaligawanywa katika madaraja kulingana na bei yake dukani. Gari lililoshinda lilipata sifa kuliko tangazo lolote. Peugeot 404, kwa mfano, ilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na Peugeot zikawa magari yaliyotegemewa na abiria wa masafa marefu, wakiwemo wa kati ya Kisumu, Nakuru na Nairobi.

Joginder alijitosa katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27. Hakuwa na kiwanda nyuma yake wala mali ya kuchezea, lakini alikuwa na karakana, ndugu zake na ujuzi wake wa barabara.

Ushindi uliomtambulisha kwa ulimwengu ulipatikana mwaka 1965. Yeye na mdogo wake, Jaswant Singh, ambaye alikuwa mwelekezi wake, waliingia mashindanoni na Volvo PV544. Herufi hizo mbili, PV, ni kifupi cha neno la Kiswidi lenye maana ya gari la abiria. Lilikuwa gari la milango miwili, lenye mgongo wa mviringo, lililokwisha kuonekana la kizamani. Umbo lake lilitokana na gari lililoanza kuuzwa miaka ya 1940.

Zaidi ya hayo, gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka 1964 bila mafanikio, na ndugu hao wakalichukua likiwa limekwisha kuchakaa. Walilifanyia kazi, wakaliandaa upya, kisha wakaondoka nalo dhidi ya timu zilizokuwa na fedha na vipuri vya kutosha.

Waliporejea Nairobi walikuwa wamemwacha mshindani aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Asia kushinda Safari. Mwaka huo huo, 1965, kiwanda kiliacha kuunda PV544. Gari la familia lililokuwa likielekea kusahaulika likapata jina ambalo wapenzi wa magari ya kale wanalienzi hata sasa.

Ushindi huo ulikuwa na maana nje ya michezo pia. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963. Kabla ya hapo, maisha yalikuwa yamegawanywa kwa rangi, kuanzia shule na hospitali hadi vilabu, na michezo ya magari ilikuwa kwa sehemu kubwa burudani ya Wazungu. Kuona jina la Singh juu ya orodha ya washindi lilikuwa jambo geni, na kwa wengi lilikuwa dalili kwamba zama zimebadilika.

Hata hivyo, miaka iliyofuata haikuwa myepesi kwa jamii yake. Mwaka 1968 maelfu ya Waasia waliondoka Kenya kwa hofu ya kukosa kazi na leseni za biashara, na mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia nchini Uganda. Katika kipindi hicho chote Joginder aliendelea kushindana akiwa dereva wa Kenya, na mashabiki waliojipanga kando ya barabara wakampa jina la Simba wa Kenya. Ulaya alijulikana kama Singasinga Arukaye.

Je, gari la kawaida hugeuzwaje kuwa la mashindano? Jibu la kwanza ni la kifundi. Springi na shokomzoba hubadilishwa na kuwekwa nzito zaidi. Bodi huongezewa viungo vya kuchomelea ili isipasuke. Bamba nene la chuma hufungwa chini ya injini kuikinga na mawe, na mbele huwekwa taa kali za kumulika usiku.

Lakini jibu la pili ndilo lililomtofautisha Joginder na wenzake, kwani hakuna fundi awezaye kuchomelea busara. Wageni waliokuja na magari yenye nguvu waliyaendesha kama walivyozoea kwao, na mashimo ya Afrika Mashariki yakawaadhibu. Hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda na Ford Escort, hakuna dereva wa ng'ambo aliyekuwa amewahi kushinda Safari. Joginder alijua wakati wa kukimbia na wakati wa kulihurumia gari. Alishiriki Safari 22 kati ya mwaka 1959 na 1980, na akafika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo wengi waliishia mtaroni, hesabu hiyo huenda ni kubwa kuliko mataji yake.

Mwaka 1973 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilitoa gari jipya dogo la familia lililoitwa Lancer. Toleo lake la 1600 GSR lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye kabureta mbili. Mwaka huo huo lilitia fora katika mashindano ya Southern Cross nchini Australia, lakini katika ubingwa wa dunia, ambao ulianzishwa mwaka 1973 na kuijumuisha Safari, lilikuwa bado halijathibitishwa.

Pasaka ya mwaka 1974 Joginder aliliingiza Lancer katika Safari, akiwa na mwelekezi wake David Doig. Miongoni mwa wapinzani wao alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, ndani ya Porsche 911, gari lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kasi. Lilikuwa na injini kubwa na dereva hodari, na kwa kitambo kirefu ilionekana kwamba halitakamatika.

Mvua ilinyesha kwa wingi na barabara zikageuka mito ya tope. Porsche ikapata hitilafu kwenye sehemu za chini zinazobeba magurudumu, ikapoteza muda. Lancer lilikuwa nyuma yake likienda bila kusimama, likapita na kushinda. Waldegård alimaliza wa pili na Sandro Munari wa Italia, katika Lancia, wa tatu. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na aliyeuleta alikuwa mzaliwa wa Kericho mwenye umri wa miaka 42.

Waliodhani kwamba mvua ndiyo iliyombeba walipata jibu mwaka 1976. Joginder na Doig walishinda tena na Lancer, na safari hii magari ya aina hiyo yalichukua nafasi zote tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa Scotland wa tatu. Joginder akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilivunjwa baadaye na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mwaka 1973 na tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Jina la Lancer halikuishia hapo. Mwaka 1992 Mitsubishi ilitoa Lancer Evolution, gari la milango minne lenye umbo la familia, lakini lenye injini ya lita mbili iliyoongezewa turbo na magurudumu yote manne yakisukumwa na injini. Kwa gari hilo Tommi Mäkinen wa Finland alishinda Safari mwaka 1996, na akawa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1996 hadi 1999.

Vijana walioupenda mfano huo katika miji ya Kenya, Kisumu ikiwemo, pengine hawakujua kwamba sifa ya jina hilo katika ubingwa wa dunia ilianzia katika matope ya nchi yao. Mitambo ya Evolution ilikuwa tofauti kabisa na ile ya mwaka 1974, lakini wazo lilikuwa lile lile: gari la kwendea kazini na sokoni, ambalo ndani yake limefichwa simba.

Baada ya Safari ya mwaka 1980 Joginder hakushiriki tena mashindano hayo. Aliishi miaka yake ya mwisho Uingereza, na akafariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Hakujaliwa kuona Safari ikirejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutokuwemo tangu mwaka 2002.

Magari yanayoshindana siku hizi hugharimu fedha nyingi mno, na hakuna mwalimu wala karani anayeweza kwenda dukani na kulinunua moja. Ndugu wawili hawawezi tena kuchukua gari lililochakaa, kulitengeneza katika karakana yao na kuwashinda wenye viwanda. Ndiyo maana habari za Joginder Singh zingali zikisimuliwa na wazee wa Kericho, Kisumu na kwingineko. Mataji aliyotwaa yaliandikwa kwa majina ya Volvo na Mitsubishi, lakini mikono iliyoyafikisha magari hayo mwisho wa njia ilikuwa ya fundi aliyelelewa nchini Kenya.