KUVUNJIKA KWA KOLEO SI MWISHO WA UHUNZI
Maisha ya Daktari Hugh Owen Thomas (1834–1891)

Wengi wetu chamani tukiambiwa tuandike juu ya mtu mashuhuri huwakimbilia marais, majenerali na malenga. Si vibaya. Lakini mimi safari hii nimekuletea mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika wadi za mifupa, hata hapa kwetu Kenya, ilhali wengi wanaolitaja hawajui alikuwa nani. Wauguzi husema mtoto huyu awekwe kwenye Thomas, basi yakaishia hapo. Huyo Thomas ni nani hasa? Hebu tega sikio nikusimulie.

Hugh Owen Thomas alizaliwa tarehe 23 Agosti 1834 katika kisiwa cha Anglesey, nchini Wales. Ukoo wake ulianza kwa maajabu. Karne ya kumi na nane, chombo kilivunjika baharini karibu na kisiwa hicho na mtoto wa kiume akaokolewa majini. Hakuna aliyejua kwao ni wapi wala lugha yake ni ipi. Jamaa mmoja wa pale wakamlea na kumpa jina la Evan Thomas. Kijana huyo alipokua alionekana ana kipaji cha ajabu cha kuunga mifupa, kwanza ya wanyama, kisha ya watu. Yeye ndiye baba wa babu yake Hugh. Kazi hiyo ikarithiwa, baba hadi mwana, bila chuo wala cheti.

Babake Hugh, naye akiitwa Evan Thomas, aliuhamishia uganga huo jijini Liverpool, Uingereza. Wagonjwa walimiminika kwake kama siafu: mabaharia, makuli wa bandarini na mafundi wa viwandani. Madaktari waliosoma hawakufurahi hata kidogo. Walimshtaki mahakamani zaidi ya mara moja. Mzee yule aliona mbali. Alijua kuwa ujuzi bila karatasi utawaletea wanawe taabu, kwa hivyo aliwasomesha wote watano hadi wakawa madaktari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hugh alianza kwa kufunzwa kazi na mjomba wake aliyekuwa daktari, kisha akasoma Edinburgh na London, na mwaka 1857 akahitimu. Alirudi Liverpool kufanya kazi na babake, lakini wapi! Mzee alikuwa na njia zake za ukoo na kijana alikuwa na elimu yake mpya. Fahali wawili hawakai zizi moja. Haukupita muda mrefu wakatengana, na mwaka 1859 Hugh akafungua mahali pake mwenyewe. Baadaye alihamia nyumba nambari 11, Nelson Street, nayo ikawa maarufu mno.

Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Angeweza kuutupa urithi wa babake kwa kuwa sasa alikuwa daktari wa cheti. Hakufanya hivyo. Angeweza pia kuidharau elimu ya chuo kwa kuwa babake aliwaponya watu bila hiyo. Hilo nalo hakulifanya. Alichukua mikono ya babake na vitabu vya walimu wake, akavitia katika chungu kimoja. Nyumbani kwake kulikuwa na karakana, na ndani yake mhunzi na mshona ngozi. Mgonjwa alipimwa mwili wake pale pale, chuma kikapindwa kikamtosha yeye, si mwingine.

Ili ufahamu uzito wa jambo hilo, sharti ujue watoto wa Liverpool walivyokuwa siku zile. Ugonjwa wa kifua kikuu hauli mapafu peke yake. Huingia hata katika mifupa na viungo. Goti la mtoto huvimba, huuma, hupinda na kukataa kunyooka. Dawa haikuwako. Madaktari wengi walikuwa wepesi wa kisu: ama walikata mguu, ama walikata vichwa vya mifupa ya goti na kuvitupa. Sasa fikiria: mguu wa mtoto hurefuka zaidi kutoka sehemu za ukuaji zilizo karibu na goti kuliko kwingine kokote mguuni. Ukizikata sehemu hizo mtoto angali mdogo, mwili utakua lakini mguu ule utabaki nyuma. Mtoto atapona jeraha, lakini atachechemea maisha yake yote.

Thomas alipinga mtindo huo waziwazi. Imani yake ilikuwa kwamba kiungo kinachougua kinataka pumziko, na si pumziko la siku mbili tatu, bali la kulazimishwa, lisilokatizwa na la muda mrefu. Kwa ajili hiyo akaunda lile gango lake. Ni kitu sahili kabisa: pete ya chuma iliyoviringwa ngozi laini huvishwa mguu mpaka juu kwenye kinena, kutoka kwenye pete hushuka nondo mbili, moja kila upande wa mguu, zikakutana chini ya wayo. Goti likishafungwa humo halipindi wala halitikisiki. Mgonjwa akiwa na nafuu, kiatu cha mguu mzima kiliinuliwa kwa kipande cha chuma ili ule mgonjwa uning'inie bila kukanyaga chini, naye akatembea kwa magongo. Mtoto aliweza kutoka nje akapata hewa na jua badala ya kuozea kitandani. Mwaka 1875 Thomas alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya nyonga, goti na kifundo cha mguu, akaeleza haya yote.

Na kiwiko je? Kiwiko cha mtoto kina visa vyake. Mtoto akianguka kutoka juu ya mti hutanguliza kiganja chini, mkono umenyooka. Nguvu zote hupanda hadi juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mfupa wa mtoto ni mwembamba, na hapo ndipo unapovunjika. Thomas, na baada yake wanafunzi wake, waliukunja mkono huo kwenye kiwiko na kuuninginiza kifundo chake kwa kitambaa kilichofungwa shingoni, kisha wakaamuru usiguseguswe. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mfupa ukishakunjwa sawasawa, uache!

Kumbuka kuwa haya yote aliyafanya bila picha. Miale ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895, miaka minne baada ya kifo chake. Macho yake yalikuwa vidole vyake. Hata leo madaktari wanapotaka kujua kama nyonga ya mgonjwa imekaza, humlaza chali na kukunja mguu ule mwingine hadi tumboni. Kipimo hicho nacho kinaitwa kwa jina la Thomas.

Kwa sura alikuwa mtu mdogo, mwembamba na asiye na afya kubwa. Jicho lake moja liliumizwa utotoni, kwa hivyo alivaa kofia iliyoshushwa upande mmoja. Koti lake jeusi alilifunga vifungo hadi shingoni, na sigara haikumtoka mdomoni, tabia ambayo mimi siwahimizi wenzangu waiige. Alianza kazi alfajiri, na Jumapili aliwatibu maskini bila malipo. Umati ulijaa mlangoni. Lakini amini usiamini, hakuna hospitali kubwa iliyowahi kumpa cheo. Ulimi wake ulikuwa mkali, maandishi yake yalikuwa ya kugombana, na wakubwa wa London walimwona kama mwana wa mganga tu.

Mwaka 1864 alimwoa Elizabeth Jones. Hawakujaliwa mtoto, ila walimpokea mpwa wa mkewe, kijana Robert Jones, wakamsomesha udaktari. Thomas aliaga dunia tarehe 6 Januari 1891, akiwa na umri wa miaka 56, kwa ugonjwa wa nimonia. Maelfu ya watu wa Liverpool, hasa vibarua na maskini, walijitokeza kumsindikiza kaburini.

Hadithi ingeishia hapo kama si yule mpwa. Robert Jones alikuwa mpole pale mjomba wake alipokuwa mkali, na maneno yaleyale yalipotoka kinywani mwake wakubwa waliyasikiliza. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, askari waliovunjika paja kwa risasi walikuwa wakifa wengi sana, kwa kuwa mfupa uliovunjika hutikisika na kuwamwaga damu njiani. Jones alishikilia kuwa lile gango la Nelson Street litumike tangu kwenye mahandaki. Lilipoenea, vifo vikapungua mno. Jones huyohuyo alishirikiana na muuguzi Agnes Hunt, ambaye mwenyewe alikuwa mlemavu wa nyonga, katika makao ya watoto walemavu yaliyofunguliwa Baschurch mwaka 1900. Leo kuna hospitali kubwa ya mifupa nchini Uingereza yenye majina yao mawili.

Sasa ndugu zangu, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Si kila alichofundisha Thomas kimebaki kilivyokuwa. Kifua kikuu cha goti sasa hutibiwa kwa dawa zinazomezwa kwa miezi mingi, na pumziko ni msaidizi tu. Kiwiko kilichovunjika na kuachana vibaya hurudishwa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, kikashikizwa kwa vyuma vyembamba kama sindano. Tena madaktari wameonya kuwa mkono uliovimba ukikunjwa kupita kiasi, mshipa wa damu hubanwa. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi misuli ya mkono uliofungwa na kubanwa inavyokufa kwa kukosa damu, vidole vikabaki vimejikunja kama kucha za mwewe. Hilo likishatokea, kulirekebisha ni kazi ngumu mno.

Nami nimeyaona kwa macho yangu. Mchezaji akianguka uwanjani, wanajitokeza mabingwa kumi: huyu anavuta mkono, yule anakanda kwa mafuta, mwingine anasema ni kuteguka tu, kesho atapoa. Jamani, tuache! Mkono uachwe ulivyo, ushikiliwe kwa leso au shuka, na vidole vitazamwe: vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, hakuna kungoja. Mgonjwa afikishwe hospitalini siku ileile. Aliyefungwa gango au plasta akilia kwamba maumivu yanazidi, tusimwambie avumilie kiume. Arudishwe kwa daktari mara moja.

Wapo watakaosema nawadharau wazee wetu waungao mifupa vijijini. La hasha! Thomas mwenyewe alitoka katika ukoo wa wazee kama hao, na mikono yao ndiyo iliyomfunza kugusa. Ninachosema ni kwamba mzee Evan hakutosheka na mikono yake. Aliwatuma wanawe watano shuleni. Mmoja wao akarudi akachanganya ya kale na mapya, na watoto wengi wakatembea.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuvunjika kwa mfupa si mwisho wa mguu, mradi apatikane mhunzi ajuaye kazi yake. Pengine mhunzi huyo, daktari wa mifupa wa kesho, ameketi sasa hivi katika darasa letu la bayolojia, nyuma karibu na dirisha. Asome kwa bidii, maana miti ya mapera bado ipo na wadogo zetu hawajaacha kuipanda.