Lev Termen, Mrusi aliyepiga muziki bila kugusa chombo

Piano za umeme zinazosikika kila siku ya yenga katika makanisa ya Kisangani zina babu wa mbali, na babu huyo hakuwa Mjapani wala Mmarekani. Ni Lev Termen, mtaalamu wa fizikia na mpiga selo, aliyezaliwa tarehe 27 Agosti 1896 huko Saint Petersburg, Urusi.

Mwaka wa 1920 alikuwa anapima gesi kwa mashine ya umeme. Akaona kwamba mkono wake ukikaribia mashine, mlio unapanda. Ukienda mbali, unashuka. Mwingine angeona ni hitilafu ya kutengeneza. Termen akaanza kutafuta nyimbo ndani yake.

Chombo kilichotoka hapo, teremini, kina antena mbili. Mkono mmoja unatafuta sauti ya juu ao ya chini, mwingine unaongeza ao kupunguza nguvu. Ndani mna mitetemo miwili ya umeme, ya kasi kupita uwezo wa sikio. Tofauti iliyo kati yao ndiyo inayosikika, na mwili wa mpigaji unaibadilisha. Ngoma ya mti ya Walokele, inayojulikana kando ya mto toka Yakusu hadi Isangi, inasema kwa sauti mbili. Teremini inapita katika sauti zote za katikati, na ndiyo sababu ni ngumu sana kuipiga.

Lenin aliijaribu yeye mwenyewe mwaka wa 1922. Mwishoni mwa 1927 Termen alifika New York, na kampuni ya RCA ikatengeneza teremini karibu 500. Zilikuwa ghali, na mgogoro wa uchumi wa 1929 ukaua biashara. Mwaka wa 1938 alioa Lavinia Williams, mcheza dansi Mmarekani mweusi, ndoa ambayo matajiri wengi wa mji ule hawakuikubali. Mwaka uleule akarudi Urusi bila mke wake. Kama ni deni ao ni nguvu, watu wanabishana hadi leo.

Alikamatwa 1939, akapelekwa Kolyma, kwenye kambi za baridi kali, kisha kwenye gereza la wainjinia. Humo sikio lilelile la muziki likafanya kazi nyingine: chombo cha kusikiliza kwa siri, bila batri wala waya, kilichoamshwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Kilifichwa ndani ya kibao cha mbao chenye alama ya taifa la Marekani, na watoto wa shule wa Kisovieti wakampa balozi Averell Harriman zawadi hiyo mwezi wa nane 1945. Kilining'inia katika nyumba ya balozi huko Moscow hadi 1952. Wamarekani walikionyesha Umoja wa Mataifa mwezi wa tano 1960, mwezi mmoja tu mbele ya uhuru wa Kongo.

Huko Marekani wengi walimhesabu kati ya wafu. Lakini Robert Moog, aliyeanza kwa kuuza teremini toka 1954, alitengeneza mwaka wa 1964 sintetiza ya vipande: kimoja kinazaa sauti, kingine kinaichuja, vyote vinaunganishwa kwa waya. Piano za leo zinatoka katika ukoo huo.

Mwaka wa 1967 gazeti la New York liliandika kwamba Termen yu hai, anafanya kazi katika chuo cha muziki cha Moscow. Wakubwa wa chuo hawakupendezwa. Vyombo vyake vikatupwa, naye akafukuzwa.

Alirudi kuiona New York 1991. Lavinia alikuwa amekufa miaka miwili mbele, huko Haiti, alikofundisha dansi. Termen alikufa Moscow tarehe 3 Novemba 1993, akiwa na miaka 97.