Luigi Galvani na miguu ya chura iliyoruka

Wasikilizaji wetu wametuuliza zaidi ya mara moja kwa nini nyama ya mbuzi aliyekwisha kuchinjwa huchezacheza. Jibu lake linatupeleka Bologna, Italia, kwa daktari Luigi Galvani.

Galvani alizaliwa mwaka 1737, akawa mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili. Uchunguzi wake mwingi aliufanya nyumbani, mkewe Lucia akimsaidia. Siku moja kisu kiligusa mshipa wa fahamu kwenye mguu wa chura aliyepasuliwa, wakati mashine ya umeme ikitoa cheche karibu. Mguu ukaruka. Baadaye aliona unaruka hata bila mashine, ukiunganishwa tu na metali mbili tofauti. Lucia alifariki kabla kazi hiyo haijatangazwa. Mwaka 1791 Galvani alitangaza kwamba mnyama ana umeme wake mwenyewe.

Alessandro Volta akapinga: umeme unatoka kwenye metali, chura anauonyesha tu. Kuhusu metali Volta hakukosea, na mwaka 1800 alitangaza betri, bibi wa zile unazotia kwenye redio yako. Lakini Galvani alikuwa amekwisha kumjibu. Aligusisha mshipa wa chura na msuli wake bila metali yoyote, na mguu ukaruka.

Umeme huo unatokana na chumvi. Ndani ya seli ya mshipa wa fahamu kuna potasiamu nyingi. Nje kuna sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Kati yake ni utando wenye milango midogo mno. Mguso hafifu haufanyi kitu. Ukifikia kiwango fulani, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na ishara husonga mbele. Mara milango hiyo hujifunga, potasiamu hutoka, na sehemu ile hupumzika kidogo, ndiyo maana ishara hairudi nyuma. Yote hayo huisha ndani ya sekunde moja ukiigawa mara mia. Waingereza Hodgkin na Huxley walieleza hesabu yake mwaka 1952, baada ya kupima mshipa mnene wa ngisi.

Seli za mbuzi nazo hazifi papo hapo. Chumvi zingali mahali pake, hivyo mshipa uliokatwa bado unaweza kutuma ishara.

Galvani hakuyaona hayo. Napoleon alipoiteka nchi, walimu walitakiwa kuiapia serikali mpya. Galvani, mtu wa dini, alikataa, akapoteza kazi na mshahara. Wakubwa walipolegeza na kukubali arudi bila kiapo, alikuwa amechelewa kufikiwa. Alifariki tarehe 4 Desemba 1798, akiwa na miaka 61, nyumbani kwa ndugu yake.