Elijah Masinde: Aliyeitwa Mwendawazimu kwa Kusema Alichofikiri

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, lakini biashara ya mahindi imenifanya mwenyeji wa Kiminini, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Nikirudi Mombasa, jamaa huniuliza habari za baridi na bei ya gunia. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za Elijah Masinde. Nami kabla ya kuja huku nililijua jina tu, tena kwa mzaha: kwamba kulikuwa na mtu wa bara aliyerukwa na akili akaanzisha dini yake. Leo nataka kumsimulia vizuri, kwa sababu maisha yake yalinifaa wakati akili yangu mwenyewe ilipokuwa hainipi usingizi.

Masinde alizaliwa karibu na mwaka 1910 upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, katika jamii ya Wabukusu. Alisoma kidogo chini ya wamisheni wa kanisa la Friends, wale wanaoitwa pia Quaker. Ujanani alisifika kwa kandanda, hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye alioa mke wa pili, na hapo akaachana na kanisa. Kwa muda alifanya kazi ya kupeleka hati za wito za mahakama ya wenyeji. Basi huyu hakuwa mtu wa porini asiyejua dunia inavyokwenda. Kanisa alilijua, mahakama aliijua, na uwanjani alishangiliwa.

Sasa tazama nchi aliyoishi. Mashamba haya ya Trans Nzoia ninayonunua mahindi leo yalikuwa ya walowezi. Wenyeji wengi waliishi humo kama maskwota, wakilipia kwa jasho ruhusa ya kulala na kulisha ng'ombe wachache. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, vijana walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo, na huku vijijini maafisa wa kilimo walitoa amri juu ya amri, hata ya kung'oa magugu. Masinde alikataa. Aligombana na chifu, aliwapinga maafisa, na akasema waziwazi kwamba Wazungu warudi kwao na watu warejee kwenye ibada za wahenga wao. Hiyo ndiyo Dini ya Msambwa.

Mwaka 1944 alifungwa. Mwaka 1945 serikali ikamtoa katika njia ya wafungwa wa kawaida, ikampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Alikaa huko hadi 1947.

Hapo ndipo pana kiini cha habari yangu. Kuanzia 1938 hadi 1950 Mathari ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Daktari huyo alikuja kuandika kwamba akili ya Mwafrika hufanya kazi kama ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika kikatolewa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ripoti juu ya Mau Mau, akiieleza zaidi kama fadhaa ya watu waliong'olewa katika mila zao kuliko kama dai la watu walionyang'anywa ardhi. Leo wataalamu wameyatupilia mbali mawazo hayo ya ubongo. Lakini wakati ule ndiyo yaliyokuwa elimu.

Ukiyachunguza utaona kosa lilipo. Mtu ana hasira. Hasira ina sababu, na sababu inaonekana kwa macho: shamba, kiboko, amri. Mkubwa anaichukua ile hasira, anaacha sababu pembeni, halafu anasema hasira yenyewe ndiyo ugonjwa.

Alipotoka Mathari hakunyamaza. Mwaka huohuo wa 1947 aliongoza umati mkubwa wa wafuasi hadi Chetambe, vilima vilivyo juu ya Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mimi hupita chini ya vilima hivyo nikienda Bungoma, na kwa miaka nilipita bila kujua. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi hao huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa, safari hii akapelekwa mbali na watu wake, kwetu Pwani, Lamu. Alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 10.

Wapwani tunaijua hadithi ya namna hii, ila sisi tunaijua kwa upande wa pili. Mekatilili wa Menza walipomkamata mwaka 1913 walimtoa Giriama wakampeleka Kisii, naye wakamwita mchawi. Mtu wa magharibi huletwa baharini, mtu wa baharini hupelekwa magharibi. Mmoja huitwa mwendawazimu, mwingine mchawi. Jina baya ni njia rahisi ya kukwepa kusikiliza.

Uhuru ulipokaribia Masinde alirudi kwao. Mwaka 1964 dini yake iliruhusiwa, na mwaka 1968 ikapigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake. Alifungwa tena, akatoka, akaendelea kusema. Alifariki mwaka 1987.

Sitaki kumpaka mafuta. Wafuasi wake walilaumiwa kwa kuchoma makanisa na shule, na Bungoma hadi leo utapata wanaomwita nabii na wanaomwita msumbufu. Ninachosema ni kimoja: mtu huyu alijua anafikiri nini na kwa nini, na waliomwita mgonjwa hawakuweza kumnyang'anya hilo.

Mimi nilimjua kwa njia ya matatizo. Mwaka mmoja nilijaza ghala kwa pesa za mkopo, bei ya mahindi ikaanguka. Niliuza kwa hasara, deni likabaki. Usiku nilikuwa nikilala macho, moyo unadunda, kichwa kinanihubiria: umekwisha, watu wanakucheka, watoto watakudharau, ukirudi Kisauni utaingia na uso gani? Nikaacha kula na wenzangu. Jirani mmoja alisema nimerogwa. Mwingine akasema nimeanza kuwehuka, na maneno hayo yalinifikia.

Aliyenisaidia kwanza ni mzee mmoja hapa Kiminini, mwalimu mstaafu, ambaye wote tunamwita Mwalimu. Hakunipa mawaidha. Alinisimulia maisha ya Masinde kama nilivyowasimulia ninyi, kisha akaniuliza mambo matatu, akanitaka niyaandike kila moja mahali pake. Limetokea nini hasa? Mimi najiambia nini kuhusu hilo? Na mwili na moyo wangu unasikiaje?

Niliandika. Lililotokea lilikuwa mstari mmoja: bei imeanguka, nina deni. Ninayojiambia yalijaza ukurasa mzima. Nilipoyasoma mchana niliona kwamba mengi hayakutokea popote isipokuwa kichwani mwangu. Hakuna aliyenicheka kwa jina. Watoto walikuwa wakinipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimechukua hasara ya msimu mmoja nikaifanya hukumu ya maisha yangu yote, na moyo ulikuwa ukiidundia ile hukumu, si ile hasara.

Lakini Mwalimu alinionya nisije nikavuka upande wa pili. Uchungu wa deni ulikuwa wa kweli, nao haukuhitaji dawa ya kuufuta. Ulihitaji nikae na mkopeshaji tupange upya malipo. Ndiyo maana alianza na Masinde. Kuna huzuni inayotokana na jambo lenyewe, na kuna huzuni inayotokana na tunavyojihubiria kuhusu jambo hilo. Ya kwanza tuitafutie haki au suluhisho. Ya pili tuikague kama tunavyokagua gunia kabla ya kulipa, tuone kama ndani ni mahindi au ni makapi. Ukizichanganya, ama utaishi ukijilaumu kwa kuumizwa, ama utapigana na kivuli.

Nikiri pia kwamba daftari peke yake halikutosha. Usingizi ulipokataa kabisa nilikwenda kituo cha afya, nikakutana na muuguzi mtulivu aliyenisikiliza, na nilirudi mara kadhaa. Historia ya Mathari isimtishe mtu. Kosa la wakati ule lilikuwa kutomsikiliza mgonjwa, na mhudumu mzuri wa leo huanza kwa kukusikiliza. Ukifika mahali unawaza kujidhuru, usiandike wala usingoje asubuhi: mwamshe mtu, uende.

Deni nililimaliza baada ya misimu 3. Mahindi bado nauza. Mawazo ya usiku hayajaisha, huja bado, hasa mvua inapochelewa, ila sasa huyauliza yametoka wapi kabla ya kuyakaribisha.

Kwa ndugu zangu wa Pwani nina ombi moja. Kila baraza lina mtu ambaye tumekwisha kumpa jina: chizi, kichwa maji, amepagawa. Kabla ya kulirudia jina hilo, kaa naye umuulize limemtokea nini. Lamu ilikaa na Masinde miaka mingi akiwa na jibu la swali hilo.